SUV ya familia inachemsha kwenye foleni, inamisi mlimani, inavuma kwenye magurudumu. Nimeshabadilisha vipuri, tatizo liko palepale

#1 Mama Viti Saba

Habari za muda huu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo yamenifika shingoni.

Nina SUV ya viti saba, petroli, lita 2.5, silinda nne, otomatiki, fowili (injini kuvuta magurudumu yote manne) inayojiwasha yenyewe ikihitajika. Imetembea kilomita 164,000 na ushee. Ndiyo ya shule, ndiyo ya sokoni, ndiyo ya safari za ukweni. Kwa miezi mitatu imeniandama kama deni.

La kwanza, temperecha. Nikiwa kwenye mwendo mshale umetulia katikati. Nikiingia kwenye foleni dakika kumi, unaanza kupanda. Foleni ikifunguka, unarudi. Fundi alibadilisha themostati, ile valvu inayofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta. Haikusaidia. Akabadilisha pampu ya maji. Haikusaidia. Sasa anasema silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ishushwe.

La pili, inamisi, yaani injini inakosakosa moto. Siyo muda wote. Ni nikiwa napanda mlima na watu wamejaa, gari inatetemeka kama ina homa na taa ya cheki injini inawaka na kuzima. Nikiachia mafuta inatulia. Plagi zote nne ni mpya.

La tatu, kuna mvumo kuanzia spidi ya 60 kwenda juu, kama ndege ndogo iko nyuma yangu. Nimeambiwa ni beringi ya gurudumu, ila kila fundi anataja gurudumu lake.

La nne, betri. Siku za kazi iko sawa. Ikilala kuanzia Ijumaa jioni bila kuguswa, Jumatatu asubuhi stata inasema "tik" basi. Betri ina miaka miwili tu.

Naombeni mwongozo. Nimechoka kununua.

#2 Kipara cha Tairi

Uza.

#3 Chimbo la Spea

Mkuu usisumbuke, toa themostati kabisa, maji yazunguke bure. Mimi gari yangu ya zamani niliitoa na haikuchemsha tena mpaka naiuza. Themostati ni kitu cha nchi za baridi.

#4 Spana Kumi na Nne

Mleta uzi, kabla hujafuata ushauri wa #3, nisikilize kidogo.

Themostati siyo ya nchi za baridi. Injini imetengenezwa ifanye kazi kwenye joto lake, nyingi kati ya nyuzi 85 na 105. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani ni asubuhi muda wote na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, oili haifiki joto la kukausha unyevu. Gari za kisasa zitakuwashia taa na kodi (namba ya kosa) P0128, maana yake maji hayafiki joto linalotakiwa. Tena kuna injini ambazo themostati ikifunguka huku, upande wake wa pili unaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji yanakimbilia njia ya mkato na kuikwepa rejeta. Hapo umetoa themostati ili isichemshe na inachemsha zaidi.

Sasa turudi kwenye gari yako. Wewe mwenyewe umeshatoa jibu kwenye maelezo yako, ila fundi hakukusikiliza. Inachemsha lini? Umesema ni ikiwa imesimama, na ikitembea inapoa.

Gari ikitembea, upepo wa barabarani ndio unaopoza rejeta. Ikisimama upepo haupo, kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo gari inayochemsha kwenye foleni na kupoa kwenye mwendo ina shida ya HEWA. Ama feni, ama kuna uchafu umejaa kati ya kondensa (rejeta ndogo ya AC) na rejeta. Pampu ya maji ikichoka, au rejeta ikiziba ndani, mambo mara nyingi huwa kinyume: mjini inavumilia, ukiikamua kwenye mlima mrefu au spidi ya juu ndipo mshale unapanda, maana ndipo injini inapozalisha joto jingi na maji hayapiti ya kutosha.

Fanya hivi. Injini ikiwa ya baridi, washa gari, washa AC mpaka mwisho, fungua boneti uangalie feni. Gari nyingi zenye feni za umeme, ukiwasha AC tu, angalau feni moja huanza kuzunguka bila kusubiri joto. Kama zako ni mbili, hesabu zote mbili. Vidole viwe mbali, feni ya umeme inaweza kujiwasha hata ukiwa umezima injini.

Na tafadhali, mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata ukifunga kitambaa mkononi. Ule mfuniko unashikilia presha ya takriban bar 1.1, na kwa presha hiyo maji yanavuka nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua tu presha inaondoka, na sehemu ya maji inageuka mvuke kwa mara moja na kurukia usoni kwako. Nimeona mkono wa kijana mmoja gereji. Sitaeleza zaidi.

Silinda hedi iache ilipo kwanza. Nitarudi kwenye misi.

#5 Chimbo la Spea

Sawa fundi, ila yangu haikuchemsha.

#6 Spana Kumi na Nne

Nakuamini. Hata mimi nina mjomba anayevuta sigara ana miaka themanini.

#7 Mama Viti Saba

Kwanza asante sana Spana. (Mimi ni dada, lakini "mkuu" napokea, haina shida.)

Nimefanya sasa hivi. Feni ni mbili. Ya upande wa dereva inazunguka vizuri. Ya upande wa abiria inatikisika tu, kama mtu anayetaka kunyanyuka kwenye kochi akaghairi. Miezi mitatu! Na hakuna fundi aliyeniambia niwashe AC niangalie.

#8 Spana Kumi na Nne

Pole dada, na samahani kwa "mkuu".

Ikitikisika maana yake umeme unafika, kwa hiyo fyuzi na rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) siyo wa kwanza kushukiwa. Zima gari, ipoe, chomoa waya wa hasi wa betri, kisha zungusha pangaboi za feni zote mbili kwa mkono. Linganisha. Nzuri inazunguka laini na kuendelea kidogo baada ya kuachia. Iliyochoka inakwama au inakwaruza. Halafu chomoa konekta yake uangalie ndani: plastiki ikiwa imeyeyuka au kugeuka kahawia, mota imekuwa ikivuta umeme mwingi kuliko kawaida, usiweke mota mpya kwenye konekta iliyoungua.

Kwa wengine mtakaosoma baadaye: feni ingekuwa kimya kabisa, mngeanza na fyuzi, kisha rilei. Rilei ina namba mgongoni. Tafuta nyingine kwenye boksi lilelile yenye namba ileile, mara nyingi ya honi, badilishaneni nafasi. Feni ikiwaka na honi ikafa, umepata mgonjwa wako bila kununua kitu.

#9 Mgeni Gereji

Wakuu naomba kuchomekea. Yangu pia SUV, nikikanyaga breki kwenye spidi ya 80 usukani unatetemeka. Nisipokanyaga imetulia. Ni balansi ya tairi?

#10 Mzee wa Rejeta

Siyo balansi, kijana wangu. Balansi mbaya hutetemesha usukani bila breki, mara nyingi kati ya 90 na 110, kisha ukizidisha mwendo hutulia. Ukitetemeka kwa breki tu, ni diski za breki za mbele. Ukiusikia mtetemo kwenye kiti badala ya usukani, ni za nyuma.

Watu husema diski imepinda. Mara nyingi haikupinda, imekuwa nene mahali na nyembamba mahali, tofauti ndogo ambayo jicho haliioni lakini mguu unaihisi. Chanzo kimojawapo ni nati za tairi zilizokazwa kwa ile bunduki ya hewa, moja imebanwa kupita kiasi na nyingine imelegea. Kaza kwa mkono, kwa msalaba, na umalizie kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu cha gari lako.

#11 Mgeni Gereji

Shikamoo mzee, asante. Tairi nilibadilisha mwezi uliopita na walitumia hiyo bunduki.

#12 Mzee wa Rejeta

Marahaba.

#13 Spana Kumi na Nne

Dada, tuje kwenye misi.

Taa ya cheki injini ina lugha mbili. Ikiwaka na kutulia, inasema "nipeleke nikapimwe", una muda. Ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, inasema "achia mafuta SASA". Maana yake kuna silinda haichomi, na petroli mbichi inatoka na moshi mpaka kwenye katalaiza, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Pale ndani ni moto, petroli inawakia humo, katalaiza inayeyuka. Nayo ni kati ya vipuri ghali kuliko vyote chini ya gari. Kwa hiyo ukiwa mlimani ikianza hivyo, punguza, panda taratibu, usiilazimishe.

Tafuta mashine ndogo ya kusoma kodi. Zipo za kuunganisha na simu. Marekani gari zote mpya za abiria zililazimika kuwa na tundu la kuchomekea mashine hiyo, linaitwa OBD2, kuanzia toleo la 1996, Ulaya kwa petroli kuanzia 2001, kwa hiyo yako huenda inalo. Lina pini 16, liko chini ya dashibodi upande wa miguu ya dereva. Soma, andika, USIFUTE. Na usichomoe betri kabla ya kusoma, hata kwa ile kazi ya feni. Kuna watu wanachomoa betri ili taa izime, wanafuta ushahidi wote. Kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: mwendo, joto la maji, mzigo wa injini. Hiyo ni dhahabu.

Ukipata P0300, inamisi ovyo kwenye silinda tofauti. Ukipata P0301 mpaka P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Lete majibu.

#14 Mama Viti Saba

Nimeazima ya jirani. P0302. Peke yake. Hali iliyohifadhiwa inaonyesha spidi 47, mzigo wa injini asilimia 88, joto la maji nyuzi 96.

Kwa hiyo ninunue koili, ile ya kupeleka umeme wa cheche kwenye plagi, ya silinda ya pili?

#15 Spana Kumi na Nne

HAPANA. Usinunue chochote. Kodi inasema panapouma, haisemi kinachouma. Silinda ya pili inaweza kukosa moto kwa sababu ya koili, plagi, nozeli ya petroli, waya, au hata valvu.

Una koili nne zinazofanana. Chukua ya silinda ya 2 uiweke kwenye silinda ya 4, ya 4 uilete kwenye 2. Kwenye injini nyingi zenye silinda za mstari mmoja, namba moja ni upande wa mkanda au cheni ya taimingi, ukihesabu kuelekea giaboksi. Boliti moja kila koili, konekta moja, vuta juu taratibu huku ukiizungusha kidogo mpira uachie. Injini iwe ya baridi. Kisha futa kodi na upande mlima uleule na mzigo uleule.

Ikirudi P0304, koili ndiyo mbaya, imehama na ugonjwa wake. Ikirudi P0302, koili haina hatia, tunahamia kwenye plagi, kwa mtindo huohuo.

Na ukiitoa ile koili, itazame. Niambie kama ni kavu.

#16 Kipara cha Tairi

Uzi umekuwa mtamu, nafuta "uza" yangu.

#17 Mama Viti Saba

Taarifa ndefu kidogo, mnivumilie.

Feni: nimezungusha kwa mkono kama ulivyosema. Ya dereva laini. Ya abiria inasaga, nusu mzunguko inakwama. Konekta imebadilika rangi kwenye pini moja. Nimeweka mota na kichwa kipya cha waya. Nimekaa kwenye foleni dakika 35 AC imewaka, mshale haukunyanyuka hata unywele.

Koili: nilipovuta ya silinda ya 2 ilitoka na sauti kama ya kufungua chupa. Ile fimbo ya mpira ilikuwa imelowa oili kuanzia nusu kwenda chini, springi ya ncha inang'aa kwa mafuta. Nikamulika tochi kwenye shimo la plagi, nikaona oili imesimama chini, plagi inachungulia kama kiboko kwenye dimbwi. Mashimo mengine matatu yamekauka. Nilibadilishana koili, nikafuta kodi, nikapanda mlima na mume wangu, watoto na magunia mawili. Imewaka. P0304!

Swali: plagi zilipobadilishwa, si huyo fundi aliiona hiyo oili?

#18 Spana Kumi na Nne

Aliiona.

Basi koili imekufa, lakini iliuawa. Oili inatoka juu, kwenye gasketi ya mfuniko wa valvu. Kule kuna mipira ya duara inayozunguka kila shimo la plagi. Ikikauka kwa joto la miaka, oili inashuka shimoni, inalainisha mpira wa koili, na umeme unapata njia ya kukimbilia pembeni badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Kwenye tambarare unavumilia. Ukikanyaga mlimani, presha ndani ya silinda ni kubwa, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka, hapo inachagua njia rahisi. Ndiyo maana ilimisi mlimani tu.

Ukiweka koili mpya bila gasketi utarudi hapa. Badilisha gasketi ya mfuniko pamoja na mipira ya mashimo, nyonya oili yote shimoni KABLA ya kufungua plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda. Na mwambie fundi boliti za mfuniko ule ni ndogo, kwa injini nyingi hukazwa kwa takriban Nm 10 tu. Wenye mikono mizito huzikata kichwa.

Angalia pia valvu ya PCV, ile inayopumulia mivuke ya oili. Ikiziba, presha inajaa ndani ya injini na kusukuma oili kwenye kila gasketi. Utaweka mipira mipya nayo itavuja.

#19 Chimbo la Spea

Na mvumo? Hapo beringi haikwepeki.

#20 Mzee wa Rejeta

Inakwepeka. Nimekaa na magari muda mrefu na bado mvumo hunidanganya, kwa sababu beringi na tairi huimba wimbo mmoja.

Binti yangu, tafuta barabara iliyonyooka na tulivu, nenda 70, kisha yumbisha gari kwa upole kulia, halafu kushoto. Ukikata kulia, uzito unaegemea magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo, shuku kushoto. Ukizidi ukikata kushoto, shuku kulia. Usipobadilika kabisa, anza kushuku tairi.

Kisha simamisha gari, pitisha kiganja juu ya tairi kuanzia mbele kwenda nyuma, halafu rudi kinyume. Fanya kwa zote nne. Ikiwa njia moja ni laini na njia nyingine inakwaruza, umeipata.

Kama bado huna uhakika, inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, mmoja azungushe tairi kwa mkono na mwingine ashike springi ya shokapu kwa vidole. Beringi mbaya hupeleka mkwaruzo kwenye springi, utauhisi kama mchanga kwenye kinu. Kwa mkono tu. Gari la fowili usiliweke gia likiwa limeinuliwa gurudumu moja, litaruka stendi.

#21 Mama Viti Saba

Mzee wangu, shikamoo.

Kuyumbisha: hakuna tofauti. Kiganja: tairi za mbele laini pande zote. Za nyuma, nikienda mbele laini, nikirudi ni msumeno! Nimewaita watoto wapapase, mmoja kasema ni kama ulimi wa paka. Na nilikuwa nimeshaahidiwa beringi mbili kwa Jumamosi.

Nimehamisha tairi, za nyuma mbele na za mbele nyuma, upande uleule. Mvumo umehamia mbele, na usukani sasa unauhisi.

#22 Mzee wa Rejeta

Marahaba binti yangu, Mungu akuweke.

Beringi haihami na tairi. Kwa hiyo ni tairi, lakini usiishie hapo. Kilichozikata msumeno bado kipo nyuma ya gari lako. Angalia shokapu za nyuma: mwili wake ukiwa na oili na vumbi limegandia, zimekwisha, tairi inadunda barabarani badala ya kukanyaga. Zikiwa kavu, peleka alaimenti (kunyoosha magurudumu) na uwaombe wapime magurudumu ya nyuma pia, wengi hupima ya mbele tu.

Neno moja kuhusu fowili. Ukibadilisha tairi, badilisha nne za aina moja, au angalau hakikisha kashata (meno ya tairi) hazitofautiani sana. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika, na gari linaona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi sawa, klachi ya fowili inafanya kazi muda wote mpaka inapata moto. Kitabu cha gari lako kinaweza kuwa na kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa. Kisome.

#23 Mgeni Gereji

Mzee, na ile "tak tak tak" ukikata kona kali ukitoka maegesho?

#24 Mzee wa Rejeta

Sivi jointi ya nje, kile kiungo cha ekseli karibu na gurudumu. Angalia kama mpira wake umechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Ukisikia kugonga kwenye vishimo vidogo na siyo kona, anza na linki za stabilaiza. Fungua uzi wako, tusimharibie dada.

#25 Umeme wa Gari

Nimechelewa, lakini naona betri imesahauliwa. Dada, una mita ya umeme? Ile ya kupimia volti. Pima mara tatu: jioni ukiwa umezima saa mbili zilizopita, asubuhi kabla ya kuwasha, na injini ikiwa inaunguruma.

Betri nzima iliyotulia inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 ina nusu tu. Injini ikiunguruma inatakiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.7, kutegemea gari. Baadhi ya gari mpya alteneta yake inaongozwa na kompyuta, inaweza kushuka chini ya hapo kwa muda, usishtuke.

#26 Mama Viti Saba

Ijumaa jioni: 12.5. Jumatatu asubuhi: 11.9. Injini ikiunguruma: 14.2.

#27 Umeme wa Gari

Alteneta nzima, kitu kinakunywa umeme gari ikiwa imelala. Weka mita kwenye ampea, tundu la 10A, iunganishe kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Kabla ya hapo fungua boneti na mlango wa dereva, kisha bonyeza kitasa cha mlango kwa bisibisi kijifunge ili gari idhani umefunga. Subiri nusu saa bila kugusa kitu, kompyuta zina usingizi mzito na zinachelewa kulala. Usithubutu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake.

Gari nyingi zikilala hubaki chini ya 0.05. Yako ikiwa juu, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

#28 Mama Viti Saba

0.45 baada ya dakika arobaini. Fyuzi ya taa za ndani nikiichomoa, 0.03.

Lakini taa zote za ndani zimezimwa, nimeangalia na usiku.

#29 Umeme wa Gari

0.42 ya tofauti kwa volti 12 ni wati 5. Hiyo ni balbu moja ndogo. Ipo moja ambayo kwa kuiangalia huwezi kujua kama huwa inazimika, kwa sababu kila ukifungua kuiangalia inatakiwa iwe imewaka.

Washa simu irekodi video, iache kwenye buti, funga.

#30 Mama Viti Saba

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Video nzima ni mwanga, mpira wa watoto na mwavuli. Taa ya buti inawaka ikiwa imefungwa! Nimekuta kampira kadogo ka kubonyeza kitufe kwenye lango kamedondoka, kitufe hakibonyezwi tena.

#31 Umeme wa Gari

Kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni kama saa 60. Mara 0.45, umepoteza Ah (ampea-saa) 27. Kwa betri ya Ah 60 hiyo ni karibu nusu yake. Siku za kazi alteneta ilikuwa inarudisha kila siku, ndiyo maana hukuona. Ichaji betri taratibu usiku mzima kabla ya kuilaumu. Ila betri iliyoshushwa hivyo mara nyingi huwa imeshapunguziwa umri.

#32 Mama Viti Saba

Mrejesho. Gasketi ya mfuniko, mipira ya mashimo, koili moja, PCV. Shokapu za nyuma zilikuwa zimelowa oili zote mbili, nimeweka mpya na alaimenti ya magurudumu yote. Tairi bado zinavuma, nitazivumilia mpaka ziishe.

Kingine. Ile themostati ya kwanza, fundi alinirudishia kwenye mfuko. Jana nimeitumbukiza kwenye sufuria ya zamani na kipimajoto, imegongwa namba 82. Maji yalipofika 82 ikaanza kufunguka, polepole, kama mdomo wa mtu anayesinzia. Nikaitoa ikajifunga. Ilikuwa nzima.

#33 Chimbo la Spea

Itunze, itakuwa spea.

#34 Spana Kumi na Nne

Dada, jambo moja bado. Pampu na themostati vilifunguliwa, kwa hiyo maji yalitolewa na kurudishwa. Hewa hubaki imejificha humo kwa siku kadhaa. Asubuhi, injini ya baridi kabisa, angalia kiwango kwenye chupa ya akiba. Ikiwa imeshuka, ongeza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, siyo maji ya bomba. Angalia tena kesho yake. Ikiendelea kushuka kila siku na chini hakuna tone, ndipo tutaizungumzia silinda hedi.

#35 Mama Viti Saba

Jumanne ilikuwa imeshuka kidole kimoja, nikaongeza. Jumatano kama nusu kidole, nikaongeza. Alhamisi, Ijumaa na leo haijasogea kwenye mstari.